Nimo, Umo

Asubuhi hiyo haikuwa na neno. Shangazi yangu, ambaye kiwandani walimwita Mpole, alifika kazini na wifi yake, dada wa mume wake, wakavaa aproni huku wakimcheka dereva wa lori aliyenyoa ndevu akabaki kama mdogo wake mwenyewe. Kilikuwa kiwanda kidogo cha maziwa. Wifi ndiye aliyemwombea Mpole kazi pale, na Mpole hakulisahau hilo, hata alipofanywa yeye msimamizi na wifi akarukwa.

Chumba cha baridi kilikuwa na komeo la nje tu. Kwa hiyo wenyewe walijiwekea utaratibu: ukiingia, unatundika aproni yako kwenye komeo na kuita, "Nimo." Aliye nje anajibu, "Umo." Hapo hakuna wa kukufungia.

Mpole alitundika, akaita. Wifi akajibu, "Umo."

Kisha mlango ukafungwa.

Aligonga mpaka viganja vikachubuka. Aliomba, akalia. Mwishowe aliutolea ule mlango siri ambayo hata mume wake hakuwa nayo: "Wifi, nina mimba." Dereva wa lori ndiye aliyekuja kumfungulia, akamkuta amekakamaa, hawezi hata kusema. Aproni haikuonekana tena.

Wifi aliapa. Aliitikia, akaenda zake nyuma kuosha madumu, hakusikia chochote. Mpole akamwamini. Utamshukuje mtu aliyehamia kwako siku hiyohiyo kuja kukuuguza?

Ila mwili ulikuwa umemgeuka. Kijiko kikianguka, anaruka. Friji ikinguruma, jasho linamtoka na meno yanagongana. Usingizi ulimpaa, chakula kikamshinda, akawa anamfokea mume wake kwa kitu kidogo halafu analia. Muuguzi wa zahanati alimtuliza.

"Huo si wazimu, mama. Mwili uliogopa, na haujajua bado kwamba umeshatoka mle. Utajua taratibu."

Basi hayo yote yana maelezo. Kabati ndilo halina.

Mchana, nyumba ikitulia, ndani ya kabati la nguo ilitoka sauti ya Mpole mwenyewe. "Nimo."

Alimwambia mume. Mume akamtazama dada yake, dada akatikisa kichwa polepole. Baadaye Mpole akawasikia jikoni wakinong'ona: labda arudishwe kwao kwanza, akili itulie. Ilimuuma, jamani. Mtu unalala naye kitanda kimoja, anakujadili kama kiti kilichovunjika mguu. Na kibaya zaidi, mwenyewe alianza kudhani wako sahihi.

Kesho yake, jua la mchana limejaa chumbani, wifi alimletea uji kitandani. Akamfunika miguu.

"Kunywa, wifi yangu," akasema kwa upendo. "Siku hizi hunywi peke yako."

Mpole alikishika kikombe. Akakiweka chini.

Habari ya mimba, mume hakuambiwa. Muuguzi hakuambiwa. Mlango ndio ulioambiwa.

"Ulinisikia," alinong'ona.

Wifi aliendelea kumvutia shuka miguuni.

"Ulisimama palepale. Ukanisikiliza nikikuita. Aproni yangu mkononi mwako."

Woga ulikuwa umemtoka Mpole. Kilichobaki ni uchungu mtupu, wa kuliwa na mtu wako huku akikufunika shuka.

Kabati likasema, "Nimo."

Safari hii aliyeruka ni wifi.

"Na hilo pia hukulisikia?" Mpole akauliza.

"Nani yumo humo?"

Wifi akainuka, akashika kitasa. Akavuta.

Hakukuwa na mtu. Katikati ya nguo ilining'inia aproni iliyopotea, imekakamaa, imeganda barafu mpaka kwenye mikanda. Wifi alitoka mbio bila viatu, na hakurudi kuvichukua. Mume alisimuliwa yote jioni ile, akaomba msamaha akiwa amepiga magoti. Alisamehewa kiasi.

Aproni waliianika uani, juani. Ingali kwenye kamba ileile, na barafu haijadondosha hata tone. Mtoto alizaliwa salama, sasa anatembea. Wamezuia kabisa maneno yale yasitamkwe nyumbani. Lakini mtoto akipita chini ya kamba husimama, huinua uso, na kujibu neno ambalo hakuna aliyemfundisha.

"Umo."