Kabla Sauti ya Daktari Haijafika

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alipitia kituo cha redio, alikofanya kazi shangazi yake, mtangazaji wa kipindi cha afya. Jina hilo alipewa kwa sababu alifanya kila kitu mbio. Alikula mbio, aliandika mbio, hata kufagia alifagia mbio, vumbi likabaki pale pale. Kazi yake kituoni ilikuwa kupeleka maji ya kunywa studio na kunyamaza taa nyekundu ikiwaka.

Siku hiyo studio nzima ilikuwa na wasiwasi. Ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeingia mitaani, na watoto walikuwa wakifikishwa hospitali wamelegea. Daktari alikuwa amerekodi maelezo ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari, akayatuma kwa intaneti. Faili lilikuwa la megabaiti mia na ishirini, na kompyuta ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kulipakua.

"Mwanangu, litachukua muda gani?" aliuliza shangazi huku akivaa vipokea sauti.

Chapuchapu alitazama kipimo cha kasi: megabiti mbili kwa sekunde. Aliona kuwa huku kumeandikwa megabaiti na kule megabiti, akasita kidogo. Ah, si yale yale tu! Akagawa mia na ishirini kwa mbili.

"Sekunde sitini. Dakika moja tu, shangazi."

"Umehakikisha?"

"Mara mbili!" alijibu, naye hakuwa amehakikisha hata mara moja.

Taa nyekundu ikawaka. "Wapenzi wasikilizaji, wimbo huu ukiisha tu, daktari huyu hapa!"

Wimbo ukaanza. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili nayo ikapita. Mstari wa kijani kwenye kompyuta ulitambaa kama kobe aliyebebeshwa mzigo. Simu ya studio ikalia. Alikuwa mama mmoja, mtoto akilia nyuma yake, akiuliza daktari yuko wapi.

Fundi mitambo akaingia, akautazama mstari, akaguna. "Mtandao umekufa huu. Nachomoa waya tuanze upya."

"Chomoa basi, wimbo unakwisha!" alisema shangazi.

Chapuchapu akakumbuka zile megabaiti na megabiti. Akinyamaza, lawama zote zingeuangukia mtandao, naye angeondoka msafi kama pamba. Mkono wa fundi ukaushika waya.

"Usichomoe, mjomba!" alipiga kelele. "Mtandao hauna kosa. Kosa ni langu, sikuhakikisha!" Akaeleza jinsi alivyogawa.

Fundi aliuachia waya kana kwamba umemchoma. "Loo! Wewe mtoto! Baiti moja ina biti nane. Faili limepimwa kwa baiti, kasi kwa biti. Zidisha kwa nane kwanza, ndipo ugawe."

"Mia tisa na sitini... nikigawa kwa mbili..." Chapuchapu alipiga hesabu upya. "Sekunde mia nne na themanini. Dakika nane!"

"Tatu zimeshapita. Ningechomoa, tungerudi sifuri."

Shangazi hakupata hata nafasi ya kukaripia. Wimbo uliisha, taa ikawaka.

"Wasikilizaji, niliwaahidi vibaya, mniwie radhi. Daktari atasikika baada ya dakika tano. Tafuteni chombo cha lita moja, maji safi, sukari, chumvi na kijiko kidogo cha chai. Msichanganye chochote bado."

Akapokea simu moja baada ya nyingine, jasho likimtiririka, jicho kwenye mstari wa kijani. Hatimaye mstari ukajaa.

"Maji safi lita moja," ilisikika sauti ya daktari. "Sukari vijiko sita vya chai, vya kusawazishwa, visiwe vya kilima. Chumvi nusu kijiko cha chai. Pimeni, msikadirie."

Kipindi kilipokwisha, yule mama alipiga tena. "Asante, dada! Mwenzio nilishashika kijiko kikubwa cha mezani!"

Shangazi aliweka simu chini, akamgeukia mtoto wa kaka yake.

"Umesikia? Vyote ni vijiko, lakini si kipimo kimoja. Namba bila kipimo chake ni nusu ya habari, na nusu ya habari humdhuru mtu. Umesema kweli kabla waya haujachomolewa, na hilo limetuokoa. Ila siku nyingine nikikuuliza kama umehakikisha, na hujahakikisha, niambie 'bado'. Kwa 'bado' ningeweka nyimbo tatu, wala mtu asingepata presha."