Kadi ya Kijani ya Kidoti

Jikoni kwangu, kwenye rafu, kuna makopo matatu yanayofanana. La kwanza kutoka mlangoni ni la chumvi, la pili la sukari, la tatu la magadi. Sikuwahi kuyaandika chochote. Nilichota kwa mazoea tu.

Asubuhi ile mama mkwe aliamka kabla yangu. Alikuta chumvi imekwisha, akaliosha kopo na kulianika dirishani. Kisha akayasogeza mawili yaliyobaki yafike mlangoni. Mimi nikaja na usingizi wangu, nikachota kwenye kopo la pili, nikatia kwenye chai.

Baba watoto alionja, akakishusha kikombe polepole.

"Mke wangu, leo tunakunywa chai au tunaloweka maharage?"

"Nani kasogeza makopo yangu?" nikauliza.

"Ni mimi, mwanangu," mama mkwe akasema. "Rafu ilikuwa kama kinywa cha kibogoyo. Nikaziba pengo."

Tulicheka, baba watoto akaenda kazini. Sikujua kwamba kabla ya adhuhuri ningelia kwa kosa hilohilo.

Kitinda mimba wangu tunamwita Kidoti. Ana miaka miwili. Alikuwa na kikohozi siku mbili, na asubuhi hiyo alikataa uji. Nilipomvua nguo nimwogeshe, niliona ngozi chini ya mbavu ikibonyea ndani kila alipovuta pumzi. Mama mkwe naye akaona.

"Acha maji hayo," akasema. "Twende zahanati."

Pale mlangoni nesi alimtazama Kidoti kifua, akachapa kwenye kompyuta. Kuhusu pumzi ya mtoto, zahanati yetu hutumia maneno matatu: haraka, kawaida, kwa shida. Nesi aliandika "kwa shida". Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikasoma kwa macho yangu.

"Kaeni kwenye benchi, mama. Kompyuta itawapa kadi sasa hivi," akasema. Mara akaitwa chumba cha wazazi, kuna mama alikuwa anajifungua. Akaenda mbio.

Kompyuta ile hukusanya majina ya watoto walio kwenye benchi, kisha hutoa kadi zote kwa pamoja. Kadi nyekundu, unaingia kwa daktari papo hapo. Ya njano, unafuata. Ya kijani, unasubiri.

Asubuhi hiyo tulikuwa wanne tu. Watoto watatu walikuwa na mafua madogo, pumzi zao kawaida. Mmoja wao alikuwa akiwakimbiza wenzake chini ya benchi. Kadi zikatoka. Wale watatu walipata njano.

Kidoti alipata kijani.

Nikaigeuza kadi nyuma na mbele. Jina lilikuwa lake.

"Mashine hii ina macho?" mama mkwe akauliza.

"Mama, wanasema imefundishwa."

"Hata kasuku hufundishwa."

Nikamwomba anyamaze. Niliona aibu. Nilijiambia, mimi ni nani nibishane na kompyuta? Nikakaa na mtoto wangu mapajani. Yule mkimbiaji akaitwa, akaingia kwa daktari akirukaruka. Akatoka, akaingia wa pili. Nikazidi kukaa.

Kisha nikaona midomo ya Kidoti inageuka rangi, kama ya mtu aliyekula zambarau. Mama mkwe akainuka. Alimpokonya mtoto mikononi mwangu, akausukuma mlango wa daktari kwa bega.

Daktari aliangalia mara moja tu. Alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Wakamwekea Kidoti mpira wa hewa puani, wakamchoma sindano. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni na kadi ya kijani mkononi.

Nesi aliporudi aliikuta kadi hiyo. Akaisoma mara mbili.

"Lakini mimi niliandika kwa shida."

"Uliandika," nikamwambia. "Nilikuona."

Akaifungua kompyuta. Neno lilikuwepo, sahihi, halikukosewa hata herufi. Hapo ndipo sote tulipopigwa na bumbuwazi. Neno ni sawa, kadi ni ya uongo. Uongo umeingilia wapi?

Akamwita dada wa kompyuta, fundi aliyeiweka mashine ile. Dada akakaa, akachapa, akatazama. Kisha akashika kichwa.

"Mama, nisamehe," akasema. "Kosa ni langu."

"Nieleze nielewe," nikamwambia.

"Kompyuta haijui maneno, inajua namba. Tuliifundisha kwa rekodi za watoto elfu mbili waliotibiwa hapa. Kila neno tulilipa namba kwa kufuata alfabeti. Haraka, moja. Kawaida, mbili. Kwa shida, tatu. Ikajifunza kwamba namba tatu ni hatari."

"Sasa leo?"

"Leo hapakuwa na mtoto wa haraka. Nami niliiacha ipange namba upya kwa kila orodha mpya. Kwa hiyo kawaida ikawa moja, namba ya haraka, ndiyo maana wale watatu wakapata njano; kwa shida ikawa mbili. Na mbili kwake, tangu ilipofundishwa, ni mtoto mzima. Siku nyingine maneno yote matatu huwepo, ndiyo maana hatukugundua."

"Mmesogeza makopo," nikasema.

"Makopo gani, mama?"

Nikamweleza habari ya chai. Hakucheka.

"Ndiyo hivyo hasa," akasema. "Kopo moja halipo, mengine yakasogea."

Mama mkwe alikuwa ameinama, anatazama vidole vyake.

Siku hiyohiyo dada aliizima mashine, nesi akarudi kupanga watoto kwa macho yake. Kidoti alilala zahanati siku nne. Siku ya tano aliomba uji.

Tulipomrudisha kupimwa, dada aliniita nione. Alikuwa ameandika orodha moja ya maneno na namba zake, akaihifadhi pamoja na yale ambayo mashine ilifundishwa. Orodha hiyo haipangwi upya. Awepo mtoto mmoja au mia, kwa shida ni tatu. Akaijaribu kwa majina ya asubuhi ile, wanne walewale. Kadi ya Kidoti ikatoka nyekundu, za wale watatu kijani.

"Na nesi akiandika neno jipya?" nikauliza. "Tuseme, kukoroma?"

Akaandika. Kompyuta ikajibu: "Neno hili silijui. Mwite nesi."

"Afadhali iseme haijui," nesi akasema, "kuliko ibahatishe."

Mama mwenzangu unayesoma, mtoto wako akibonyea mbavu anapovuta pumzi, usikae kwenye benchi kama nilivyokaa mimi. Kadi ikisema hili na macho yako yakiona lile, simama uulize. Na wewe unayefundisha mashine, usiipangie namba upya baada ya kuifundisha.

Makopo yangu sasa nimeyaandika. Juzi sukari ilikwisha. Nilimkuta mama mkwe jikoni, analikausha lile kopo, anaitazama rafu. Nikadhani atayasogeza. Akalirudisha tupu mahali pake, katikati.

"Pengo na libaki pengo," akasema, akaenda kumbeba Kidoti.