Vipara Vitatu vya Ramani

Kila Jumapili bibi alimsuka mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, kwenye kigoda cha jikoni. Siku moja kitana kikasimama. Nyuma ya kichwa palikuwa na kipara cha mviringo, laini kama yai. Mwezi haukuisha, vikawa vitatu. Shuleni wakambatiza Ramani. Rafiki yake wa dawati akahama, eti anaogopa mapunye.

Daktari alichunguza kwa lenzi, akasema si mapunye wala haviambukizi. Askari wa mwili walikuwa wamekosea adui, wakashambulia mizizi ya nywele. Zipo sindano, ipo krimu, na wengine huota nywele bila dawa yoyote. Ila hakuna njia ya uhakika. Akampa krimu.

Bibi akaguna. Dawa gani hiyo isiyonuka? Yeye alikuwa na maji ya kitunguu, yaliyomwotesha nywele wifi yake, na wifi angekuwa hai angeshuhudia.

Ramani akachoka na mabishano. Akamwomba daktari ruhusa: kipara cha kushoto apake krimu, cha nyuma kitunguu, cha kulia asikiguse mtu. Daktari akacheka, akakubali, ingawa alimwonya kwamba kichwa kimoja hakitoshi kuhukumu dawa. Kila Ijumaa mama alipima kwa rula, Ramani akaandika daftarini.

Wiki ya sita, kwenye krimu pakachipua. Bibi akanuna. Wiki ya tisa, kwenye kitunguu napo pakachipua, bibi akatembea mtaani kama mama wa bwana harusi. Ijumaa ile mama akageuza kichwa upande wa kulia, pale pasipoguswa. Nywele zilikuwa na urefu uleule.

"Bibi, kitunguu chako kimetoka sare na hewa," alisema Ramani.

"Mke mwenzangu, niongezee milimita mbili tu. Nani atajua?"

"Rula haina bibi."

Jumatatu Ramani alisimama mbele ya darasa kichwa wazi, akasoma daftari lote, aibu ya kitunguu ikiwemo. Wenzake wakapanga foleni kugusa nywele mpya. Rafiki yake akabeba mkoba, akarudi dawatini, na Ramani akasogea kumpa nafasi.

Bibi, aliyekuwa akichungulia dirisha la darasa muda wote, alimpokea langoni kwa kicheko.

"Umenishinda, na nimefurahi kushindwa," alisema. "Dawa usiisifu kabla hujaipima. Na ukishaipima usiipendelee, hata ikiwa ya bibi yako."