Kopo Chini ya Kitanda cha Umida

Tk-tk-tk-tk. Kimya. Tk-tk-tk.

Ilikuwa usiku wa siku ya thelathini na moja tangu nijifungue, nimekaa kitandani namnyonyesha Umida, nikajiambia hiyo ni pampu ya gari letu la Volga uani, ile ya umeme aliyoifunga mume wangu Shuhrat mchana, hulia hivyo hivyo ikivuta petroli. Nikatulia. Halafu macho yangu yakaangukia betri ya gari. Ilikuwa pale mlangoni, ndani, juu ya gazeti, alipoiweka mwenyewe ili isiibwe.

Pampu ilikuwa inalia bila betri.

"Baba Umida." Nikamtikisa. "Baba Umida, gari linalia."

"Gari halilii, mama. Analia mtoto. Lala."

Lakini mtoto hakuwa analia.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba mkwe. Lilikaa miaka tisa chini ya mzabibu, hapa hapa nyumbani kwetu mjini Kokand, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Shuhrat aliapa kwamba siku ya arobaini, tukitoka mimi na mtoto kwenda kwa mama yangu, tutakwenda na Volga ya babu yake, si na teksi. Basi wiki nzima alilala chini ya gari. Mipira ya petroli ilikuwa imekauka hata ukiikunja inakatika kama ganda la mkate. Akaitoa yote, akaweka mipya, minene, akatupa waya zilizofungia ya zamani akaweka klipu za skrubu, akaongeza chujio na hiyo pampu karibu na tangi.

"Tone halitoki," akasema. "Lala chini yake na shati jeupe ukitaka."

Na kweli tone halikutoka, na hilo ndilo lililoanza kututia wasiwasi. Asubuhi alitumbukiza kijiti tangini, akakuta lita nzima haipo. Akapitisha kidole kwenye kila kiungo: pakavu. Kadibodi aliyoitandika chini: kavu.

"Ni Tohir huyu," akasema, akionyesha ukuta wa jirani. "Anavuta kwa mpira."

"Tohir ana miaka sabini na anatembea kwa fimbo," mama mkwe wangu akamjibu, akiendelea kukata karoti. "Ila kwa cha bure, sijui, labda ataruka."

Asubuhi iliyofuata, lita nyingine. Sasa Shuhrat akaanza kunitazama mimi. "Wewe ndiye unayekesha. Hukumwona mtu?" Aliuliza kwa upole mno, sikuupenda upole ule. Nami nikamtazama yeye, maana vitambaa vya mtoto vilikuwa vimeanza kunuka petroli.

"Umemshika na mikono hiyo?"

"Nimenawa mara tatu! Kwa sabuni ya kufulia! Nimebakiza kuchuna ngozi!"

Nikamnusa mikono. Ilinuka sabuni tupu. Mama mkwe alituona, na tangu hapo kila mtu nyumbani mwetu akawa anamvizia mwenzake, mlango ukifunguliwa wote tunageuka.

Siku ya thelathini na tatu sauti ile haikungoja usiku. Jua lilikuwa ndiyo linazama. Umida amefungwa kwenye kitanda chake cha kubembea, vitambaa kifuani na miguuni, kile kijibomba cha mbao kimewekwa mahali pake kupeleka mkojo kwenye kopo chini, kama tulivyolelewa sisi wote. Betri iko mlangoni. Shuhrat yuko dukani. Nikasikia tk-tk-tk, na safari hii sauti haikutoka uani, ilikuwa humu humu chumbani, chini, karibu na miguu yangu, na wakati huo huo mama mkwe akaingia na kikaango cha makaa, moshi wa majani ya isiriki unafuka, kama alivyofanya kila jioni kumfukizia mjukuu dhidi ya jicho baya, anazunguka kichwani, anazunguka miguuni, kisha huinama kupitisha moto chini ya kitanda, na harufu ikanipiga puani kabla sijaelewa ni nini, nikatazama chini nikaona kopo limejaa hadi ukingoni, maji meupe safi yenye rangi za upinde wa mvua juu yake, na bado yanaingia, tone, tone, tone, kutoka kwenye kijibomba, kutoka kwa mwanangu, na mama mkwe tayari amekunja goti.

"Mama usije! Usije na moto!"

"Una wazimu, binti?"

"Petroli, mama! Mtoto anakojoa petroli!"

Sijui alivyofika nje na kikaango kile, mzee yule wa magoti mabovu. Nilimfungua Umida nikakimbia naye hadi kibarazani. Mwili wake ulikuwa baridi, na midomo yake imekauka. Hakulia. Alinitazama tu.

Shuhrat aliporudi alipima kopo. Lita moja kamili. Akakaa kwenye zulia.

"Ile petroli ya miaka tisa iliyooza tangini," mama yake akamwuliza polepole, "uliimwaga wapi?"

"Mtaroni sikuweza, mama, mtaa mzima humwagilia bustani kwa maji yale. Niliimwaga pale... inaponyonywa haraka."

"Pale wapi?"

"Jaa la majivu. Kando ya tanuri la mkate."

"Saa ngapi?"

Mimi ndiye niliyejibu. "Magharibi, mama. Nilimwona dirishani."

Mtoto wa kwetu hata kabla ya kuhesabu hufundishwa kwamba majivu yana wenyewe, majini, kwamba saa ile humwagi hata maji ya vuguvugu bila kuomba ruhusa, maana hapo hulaza watoto wao. Nilijua. Nilifungua mdomo siku ile, kisha nikajiambia, mke wa mwaka mmoja utamfundisha mume uani kwao? Nikaufunga.

Usiku ule ule akaja bibi Sanobar, anayewasomea wanawake wa mtaa wetu Kurani. Alisoma, akamwagia majivu maji safi, akatukaangisha maandazi hadi harufu ya mafuta ikajaa ua, akapanga saba juu ya jaa. Kisha akamgeukia Shuhrat.

"Mwenye majivu amenyweshewa watoto wake sumu. Naye sasa anamnywesha wako. Anapitia njia uliyomfungulia. Ikate."

"Bibi, kazi ya wiki nzima—"

"Gari au binti?"

Akaikata. Mipira yote mipya, vipande vipande, na pampu, na chujio, akavizika nje ya mtaa huku anapangusa macho kwa kiwiko. Kulipokucha kopo lilikuwa na mkojo. Mkojo wa mtoto, wa manjano, unaonuka kama unavyonuka. Niliulilia mkojo ule kwa furaha.

Siku ya arobaini tulikwenda kwa teksi. Mimi nyuma na Umida, mama mkwe kando yangu, Shuhrat atafuata jioni na mikate. Kwenye reli tukakuta kizuizi kimeshuka. Dereva akazima injini kungoja treni.

Tk-tk-tk.

Dereva akainua kichwa, akanusa. "Dada, mmebeba petroli? Gari langu ni la gesi."

Umida alikuwa amelala, na koo lake dogo linacheza, linapanda, linashuka, na mdomo umeachama kidogo tu.

Mama mkwe alivuta shali taratibu akamfunika uso. "Ni mikono ya mwanangu, fundi wa nyumbani," akamwambia dereva akicheka. "Humshika mtoto na grisi." Mkono wake mwingine ulikuwa umeushika wangu, kucha zimezama nyamani. Akaniinamia sikioni.

"Hukusikia kitu."

"Sikusikia, mama."

"Wakijua, watataka kukata tena. Na safari hii hakuna mpira wa kukata, amebaki yeye tu. Unanielewa? Asijue Shuhrat, wala bibi Sanobar, wala mama yako."

Treni ilipita, mabehewa mengi. Nikambana mwanangu kifuani ili sauti ile iingie kwangu isitoke nje.

"Naapa, mama. Sitamwambia mtu mwingine yeyote."