Waliopona Hawarudi

Fundi viatu alikuwa anapigilia soli. Ghafla aliinama, mkono tumboni.

"Kunywa maziwa," alisema mteja wake.

"Nimekunywa tangu asubuhi. Nikizidisha nitalia kama ndama."

Mkewe alikuwa pembeni akikata ngozi. Hakucheka. Aliweka mkasi chini.

"Choo chako leo kilikuwaje?"

"Mama watoto, mbele za watu?"

"Kilikuwaje?"

"Cheusi. Kama dawa ya viatu."

Mke alimrudishia mteja kiatu chake kama kilivyo, akafunga kibanda. Choo cheusi namna ile huweza kuwa damu inayotoka tumboni. Si jambo la kusubiri kesho.

Hospitali walimlaza. Jioni jirani yao alikuja wodini. Anafanya kazi maabara ya hapo, na mtaani wanamwita Bi Hadubini.

"Shemeji, tumbo lako linatoa asidi kali ya kusaga chakula. Kwa nini halijisagi lenyewe?"

"Labda linajionea huruma."

"Limejipaka ute. Ute huo una protini zinazoulinda ukuta wa ndani, kama wewe unavyopaka kiatu nta maji yasiingie. Kuna bakteria wanaouharibu. Asidi ikipenya, kidonda kinatokea. Na vile vidonge vya maumivu ya mgongo unavyomeza kila siku vinazidisha."

"Na maziwa?"

"Yanapoza kidogo, kisha tumbo linatoa asidi zaidi."

Fundi alipiga hesabu. Mwaka mzima wa maziwa.

"Kesho utameza mpira wenye kamera," Bi Hadubini aliendelea. "Daktari atachukua vipande vidogo kama punje ya mtama, vya kupima ugonjwa wako. Mimi nakuomba viwili zaidi, vya utafiti. Kimoja karibu na kidonda, kimoja palipo pazima. Tunataka kujua protini zipi zipo tumbo likiwa na afya, na zipi zinapungua likiugua."

"Nitatoboka?"

"Vinachukuliwa juu juu. Hatari ya kutoka damu ipo, ila ni ndogo. Daktari atakueleza kabla hujasaini."

"Nikikataa?"

"Unatibiwa vilevile."

"Nikikubali napata nini?"

"Hupati kitu. Pengine mjukuu wako ndiye atakayefaidi."

Fundi aliikunja fomu aliyopewa, akaikunjua.

"Nikueleze na shida yetu, shemeji. Wagonjwa wanakuja. Waliopona hawarudi. Friji letu limejaa vipande vya matumbo mabovu. Protini zinarudije kidonda kikifunga? Hatujui bado."

"Basi mtafute mwingine," mke alisema kando ya kitanda. "Huyu mara mbili alipewa dawa. Siku ya nne maumivu yakaisha, akaziweka juu ya kabati."

Asubuhi yake daktari alimweleza fundi kila kitu. Kisha fundi akaomba kalamu.

"Andika kwamba nitarudi," alimwambia Bi Hadubini.

Mpira ulionyesha kidonda, na vipimo vikaonyesha bakteria. Alipewa dawa za wiki mbili za kuwaua, na nyingine za kupunguza asidi. Daktari alimwambia aache vidonge vya mgongo. Siku ya tano tumbo lilitulia kabisa.

"Hizi dawa zinaufanya mdomo uwe kama nimenyonya msumari," alisema nyumbani. "Na siumwi tena."

"Tumbo limenyamaza. Bakteria hujui," mke alijibu, akampa maji. "Meza."

Alimeza. Kila asubuhi na kila jioni, mpaka kidonge cha mwisho.

Wiki ya nane alifunga kibanda mchana. Tangu usiku hakuwa amekula kitu. Yule mteja aliyemshauri anywe maziwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Unaumwa tena?"

"Siumwi."

"Sasa mtu mzima unaenda kumeza mpira bure?"

"Daktari anataka kuona kama kidonda kimefunga. Na nimeahidi."

Mpira ulishuka, machozi yakamtoka, akavumilia. Kidonda kilikuwa kimefunga. Kipimo cha choo cha wiki ile nacho kilionyesha bakteria wameisha. Mke aliposikia alikaa kwenye benchi, akashusha pumzi ndefu.

Bi Hadubini alishika kichupa chenye kipande kipya, akaandika namba, na chini yake: *amepona*.

"Cha ngapi hicho?" fundi aliuliza, koo bado lina ganzi.

"Cha waliopona? Cha tatu."

"Watatu tu? Nipe majina ya wasiorudi. Nusu yao nawashonea viatu."

"Majina ni siri, shemeji."

"Basi nitawauliza mwenyewe," alisema. "Mteja akishavua kiatu, hana pa kukimbilia."