Kifua cha Melchior na Kamba ya Kanyere

Jamaa wa Butembo, na ninyi wa Beni mnaopenda kupiga makofi kando ya barabara, sogeeni niwasimulie nyumba ya Melchior. Ni nyumba ninayojivunia, mtanisamehe.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado vilimani. Melchior, fundi wa magari, alikunywa chai mbele ya garage yake, na mkewe Kanyere akamletea shati la kazi. Lilikuwa na doa jeusi la mafuta kifuani, na Melchior alikataza kabisa lisifuliwe. Doa hilo ndilo lilikuwa cheo chake. Maana fundi wa kwetu akishusha bwate, lile sanduku zito la gia, hulala chini ya gari peke yake na kuipokea kwa kifua. Akitoka mzima, watu humwita maître, yaani fundi mkuu. Desturi gani hii, jamani!

Virginie, mchuuzi wa viazi, akafika na pikap yake ya zamani ikivutwa kutoka njia ya Alimbongo. Klachi ilikuwa imekufa, na bwate lazima ishuke. Watu wakajaa mara moja. "Kifua! Kifua!"

"Papa Ornella, tumia kamba," Kanyere alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Kwetu Mutwanga baba alikuwa anashusha magogo kwa kamba, hata moja hapana kumuangukia."

"Kamba ni ya kufunga mbuzi!" Melchior akajibu, na watu wakaangua kicheko. "Mama Ornella, enda uangalie sombe kwa moto."

Akainua gari kwa kriki, ile jeki yake, akapanga matofali chini ya chassis, akang'oa fimbo ya gia kwenye sakafu ya kabini, kisha akaingia chini. Bolti ya mwisho ilipotoka, bwate ilienda upande ikamwangukia mbavuni. Gari likatikisika. Tofali moja likapasuka, kriki ikainama. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu hakusikia la mke. Makofi yakakoma, na chini ya gari ikasikika sauti ya mtu akiguna tu.

Watu wakarukia miguu yake wamvute.

"Musimuvute!" Kanyere alipiga kelele. "Mutu asiguse ile kriki! Mutie mawe kwa magurudumu. Éliakim, leta miti yako!"

Éliakim, mchukuzi, alikuwa anapita na magogo ya mikaratusi juu ya chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Wakayapanga chini ya chassis pande zote mbili mpaka gari likatulia. Kanyere akapanda kabini, akalaza chuma kinene kutoka mlango hadi mlango, akakipitishia kamba na kuiteremsha kwenye tundu la fimbo ya gia. Éliakim akalala kwa tumbo kando ya gari, akaizungushia bwate kamba hiyo.

"Papa Ornella, uko unanisikia?"

"Niko," sauti ikajibu, nyembamba.

"Donc, basi usikufe. Niko naivuta."

Akavuta na Virginie, meno yameumana. Bwate ikainuka kidogo, na wanaume wakamtoa Melchior taratibu. Alikuwa analia mbele ya watu wote.

Mbavu zilivunjika, lakini pumzi ilibaki. Namshukuru Mungu, na Kanyere namshukuru kwa sauti kubwa.

Melchior aliporudi kazini, pikap nyingine ilikuwa inamngoja, na watu wakaja tena na kelele zao. Wakamkuta amevaa shati jeupe la misa. "Maître amekuwa muoga?" mmoja akauliza. Melchior alitegemeza gari kwa magogo, akamwaga mafuta ya gia, akafunga bwate kwa kamba kabla ya kugusa bolti. Halafu akafungua bolti, akatoka chini, akaisukuma bwate kwa mti akiwa pembeni. Kanyere ndiye aliyeachia kamba, kidogo kidogo, mpaka bwate ikakaa juu ya chukudu ya Éliakim, iliyolazwa chini yake.

Kisha Éliakim akapaza sauti: "Maître Kanyere!"

Makofi ya siku hiyo yalisikika hadi sokoni. Melchior alicheka huku ameshika mbavu, akawageukia watu na kuwaonyesha kifua.

"Muangalie vizuri hili shati," alisema. "Nitalivaa tena dimanche, kwa misa."

FUNDISHO

Ndugu zangu, mzigo ambao kamba inaweza kuushika, usiupe kifua chako. Tegemeza gari kwa kitu imara, si matofali, na mtu asilale chini ya kitu kinachoshuka. Msikilize anayekupenda kuliko anayekushangilia, kwa sababu washangiliaji hawatakuja kumlishia mjane watoto. Tukipiga makofi, tumpigie fundi anayerudi nyumbani na shati safi.