Karanga Zilizoloa

Kila jioni alipotoka shule, Klara alifagia uwanja, akafungia kuku, kisha akaketi na mama yake kubangua karanga walizovuna katika shamba lao la Sepuka. Kazi ile aliichukia. Ganda la karanga iliyokauka ni gumu, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka hata kushika kalamu ikawa taabu.

"Usizimwagie maji," mama yake, Agripina, alimwonya kila mara. "Kavu zilivyotoka juani, kavu zibanguliwe."

Siku mama alipokwenda mnadani Ikungi, Klara alizimwagia maji. Maganda yakalainika, kazi ikaisha upesi, naye akazifunga karanga mbichimbichi katika gunia na kwenda kucheza rede. Mama aliporudi alimsifu: "Leo mwanangu ana mikono ya mashine." Klara akaenda kuwasha moto jikoni.

Baada ya majuma kadhaa, karanga hizo zilichanganywa na mahindi na uwele, zikasagwa kwa jirani yao Stumai, mwenye mashine, ziwe unga wa lishe wa Noel, mdogo wake Klara. Stumai alilipwa kwa karanga, kama walivyozoea. Uji ulikuwa na uchungu kidogo. Mama akazidisha sukari.

Noel alianza kukataa chakula. Macho yakawa ya manjano, tumbo likavimba. Alilazwa hospitali Singida Mjini, na kila asubuhi mama alimpelekea uji uleule. "Kunywa, baba, upate nguvu," alimbembeleza. Kuku waliopewa ukoko wa uji walikufa wote.

Daktari aliposikia habari za kuku, aliukataza uji na kumwita Bwana Naftali, mtaalamu wa chakula. Huyo alifika Sepuka kuchukua unga.

"Yule Stumai ana kinyongo na mimi," mama alimwambia. "Kauwekea kitu."

Naftali alimgeukia Klara. "Karanga zilikuwa kavu?"

Mama alikuwa akimtazama. "Kavu," Klara akajibu.

Neno la mama lilienea. Wanawake walipita mlangoni kwa Stumai na ndoo zao vichwani, wakaenda kusaga mbali. Shuleni, binti yake Ritha aliitwa Unga wa Sumu.

"Hata wewe unaamini?" Ritha alimuuliza Klara wakiwa dawatini. "Mama ananikaangia karanga zenu na hajanilisha sumu. Ila nyingine chungu, nazitema."

Klara aliinamia daftari lake.

Jumamosi, Naftali aliwakuta Klara na mama yake kando ya kitanda cha Noel. Mtoto alikuwa amelala, mbavu zikihesabika.

"Shikamoo," Klara alisema.

"Marahaba. Mama, majibu yamekuja, ingawa yamechelewa. Ule unga una vitu vingi. Tuliuloweka katika dawa, tukachuja, na mtambo ukaisukuma ile dawa katika bomba jembamba lenye chembechembe. Kila kitu hupita kwa mwendo wake, vikatengana. Lakini vingine vilitoka vimebanana, hatukujua kipi ni kipi. Ikabidi tuvipitishe katika bomba la pili, lenye chembe za namna nyingine."

"Mara mbili? Kwa nini?"

"Mama, nafaka ukishaipepeta kwa ungo, si unaichekecha tena? Ungo huondoa kilicho chepesi, chekeche huondoa kilicho kidogo. Kinachojificha kwenye ungo hukamatwa na chekeche. Njia hiyo inaitwa kromatografia. Tumekuta sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Hakuna aliyetia kitu. Lakini vyote vilisagwa pamoja, na mtambo haujui sumu ilitoka katika gunia lipi. Kama kuna mabaki mahali, mtu atayala."

Akilini mwake Klara alimwona Ritha akitema karanga.

"Ni karanga," alisema. "Nilizimwagia maji nikazifunga. Ritha anazila."

Mama hakumpiga. Alimfunika Noel vizuri, akatoka nje. Naftali akampigia simu mwenyekiti wa kijiji azichukue mara moja karanga zilizobaki kwa Stumai. Zilifukiwa katika shimo refu, na Ritha akapimwa. Hakuwa amedhurika.

Noel alirudi nyumbani akiwa na mikono kama vijiti. Daktari alisema ini lake litahitaji kupimwa kwa miaka mingi.

Mama alimshika Klara mkono wakaenda kwa Stumai. Mashine ilikuwa imetandwa na vumbi. Mama alipiga magoti mlangoni. "Nimekuchafulia jina, dada."

"Inuka," Stumai alisema. Kisha akamgeukia Klara. "Mwanangu, karanga ikiloa, unaianika siku ileile, inapona. Ukiifunga gizani ndipo inapoota ukungu. Na kosa ni hivyohivyo. Ungesema jioni ile, ungepata viboko viwili na mdogo wako angekuwa anacheza."

Akaingia ndani, akatoka na ungo uliojaa karanga kavu.

"Kaa hapa na Ritha. Bangueni."

Ritha alisogea kidogo, akampa nafasi. Klara akabangua mpaka vidole vikachubuka. Hakuna aliyemwambia pole, naye hakuomba maji.